Msanii wa rap, kodisha wimbo wako usiuuze

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili hadi Kidato cha Nne alinijia nyumbani hapa Kitengela, akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Kwao ni upande wa Bissil. Alikuwa amerekodi nyimbo kumi na moja za rap, nyingine kwa Kiswahili na nyingine kwa Kimaasai, katika studio ndogo iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Babake alikuwa ameuza mitamba wawili ili gharama ya kurekodi ipatikane. Sasa mwenye studio alitaka kuitoa albamu hiyo na kuiuza, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa mkataba.

Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba kijana angepokea Sh40,000 mara moja, naye angehamisha haki zote za nyimbo hizo, za sasa na za baadaye, nchini na ulimwenguni kote, kwa mwenye studio. Chini paliachwa nafasi ya sahihi moja. "Mwalimu," akaniuliza, "nitie sahihi?"

Naandika makala haya kwa sababu swali hilo halikuwa lake peke yake. Katika kila shule ninayoijua kati ya Kitengela na Namanga kuna wanafunzi watatu au wanne ambao daftari zao zina mashairi ya rap katika kurasa za nyuma. Sisi walimu aghalabu huyaona, tukakemea, tukafunga daftari. Wengine wetu huyaita mashairi hayo upuuzi wa mjini. Sitaki kuingia katika mjadala huo leo. Ninachotaka kusema ni kwamba watoto hawa wanaingia katika biashara yenye historia, sheria na mitego yake, nasi tunawaacha waingie humo wakiwa vipofu.

Hebu basi tuitazame historia hiyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa zikirekodi muziki nchini, kama vile PolyGram na CBS, zilikuwa zimefunga shughuli zao au kuzipunguza sana. Wizi wa kanda ulikuwa umeharibu soko. Biashara ya kaseti ilibaki mikononi mwa wafanyabiashara wa River Road na vitongoji vyake jijini Nairobi. Mtindo wa wengi wao ulikuwa mwepesi: mwanamuziki alileta wimbo, akalipwa kitita kimoja, akaenda zake. Kaseti ikiuzwa mia tano au elfu hamsini, yeye hakuwa na njia ya kujua, wala haki ya kuuliza.

Vijana wa rap walizaliwa katika mazingira hayo. Mwaka 1997 kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilivuma kwa wimbo wake "Tafsiri Hii", likathibitisha kwamba rap ya Kiswahili cha mtaani ingeweza kusikilizwa nchi nzima. Hata hivyo wafanyabiashara wa kaseti waliozoea benga na nyimbo za injili hawakuwa na haraka ya kuwekeza fedha kwa vijana waliovaa suruali pana. Ndipo zikatokea lebo huru, yaani kampuni ndogo za vijana wenyewe, zenye studio ya chumba kimoja na mtaji wa kuazima.

Mtayarishaji Tedd Josiah alikuwa miongoni mwa waliofungua njia. Alikusanya wasanii mbalimbali katika kanda moja, ili aliyenunua kwa sababu ya msanii anayemjua apate pia kumsikia asiyemjua. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya albamu ya "Ismarwa" ya Gidi Gidi Maji Maji ya mwaka 2000. Baadaye ndugu wawili, Lucas na Francis Bikedo, waliiimarisha Ogopa, lebo iliyowatoa wasanii kama Nameless na marehemu E-Sir. Mtaani California, Eastleigh, Clemo na Jua Cali wakaijenga Calif Records, ambayo iliuita mtindo wake genge.

Lebo hizi zilitangazaje bidhaa zao bila fedha za matangazo? Njia ya kwanza ni ile ambayo mfugaji yeyote wa Kajiado anaielewa: walipiga chapa. Kila wimbo wa Ogopa ulianza au ulikatizwa na sauti iliyotaja jina la lebo. Calif walifanya vivyo hivyo. Msikilizaji aliyekuwa ndani ya matatu, asiyemjua mwimbaji wala jina la wimbo, alijua wimbo umetoka zizi gani. Aliyeupenda wa kwanza aliutafuta wa pili kwa kufuata chapa. Kwa namna hiyo msanii mpya alipata wasikilizaji kabla hajajulikana, kwa kuazima heshima ya waliomtangulia.

Njia ya pili ilikuwa redio. Utangazaji ulipofunguliwa, na Capital FM ikaanza mwaka 1996 na nyingine zikafuata, vituo vilihitaji nyimbo za kujaza saa zao. Lebo ziliwapelekea watangazaji nakala kwa mkono. Njia ya tatu ilikuwa matatu. Hapa kaunti yetu ina fahari yake, kwani magari ya Ongata Rongai yamejulikana kwa miaka mingi kwa michoro na spika zake. Dereva au utingo aliyepewa kanda alikuwa redio inayotembea, kutoka katikati ya jiji hadi mjini Rongai na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Njia ya nne ilikuwa maonyesho ya mashuleni, vyuoni na katika kumbi, ambako fulana na kanda ziliuzwa mlangoni.

Kutangaza, basi, waliweza, na vizuri sana. Kuuza ndiko kulikokuwa na miiba. Kadiri wimbo ulivyovuma ndivyo ulivyoibwa upesi. Marehemu Poxi Presha, mmoja wa wachanaji wetu wa mwanzo, alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho kupambana na wezi wa kanda, hadi alipofariki mwaka 2005. Wimbo wa "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji uliimbwa katika majukwaa ya kampeni ya mwaka 2002 na umati ambao, bila shaka, wengi wao hawakuwahi kununua kanda. Umaarufu na mapato ni mambo mawili, na wanafunzi wetu huyachanganya kila siku.

Kulikuwapo pia njia nyingine, isiyopitia dukani. Mwaka 2004 wachanaji wa Eastlands waliohusiana na kundi la Ukoo Flani Mau Mau walirekodi albamu ya "Kilio cha Haki" kwa ushirikiano na shirika dogo la Uholanzi. Shabaha ya mapato yake ilikuwa kujenga studio ya vijana hao wenyewe, na mwaka 2006 ikatoka albamu ya "Dandora Burning". Tazama mantiki yake: albamu ya kwanza isiliwe yote, bali inunue chombo cha kurekodia ya pili.

Tukivuka mpaka pale Namanga tunakutana na mafunzo mengine. Jijini Dar es Salaam wasanii wa kizazi kipya walizoea kupeleka kazi yao kwa wasambazaji wa Kariakoo, waliochapa kaseti na majalada yake na kuzifikisha mikoani. Usambazaji ulikuwa wa haraka, lakini mara nyingi msanii aliuza kazi yenyewe, wala si nakala zake. Mr. Ebbo, aliyejulikana kwa wimbo "Mi Mmasai", aliamua kuwa na lebo na studio yake mwenyewe, Motika Records, mjini Tanga, kabla ya kufariki mwaka 2011. Nao X Plastaz wa Arusha, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai wa Merege, walitafuta wasikilizaji nje ya nchi. Albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa mwaka 2004 na OutHere, lebo huru ya Ujerumani, na maonyesho ya Ulaya yakawa soko lao. Kijana wangu wa Bissil aliposikia kwamba Kimaasai kimekwisha kusafiri hivyo, macho yalimtoka.

Hata huko Marekani rap ilikotoka, waliofaulu zaidi kibiashara hawakuanzia katika maofisa ya kampuni kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Too Short wa Oakland alikuwa akirekodi kanda nyumbani na kuziuza mkononi mitaani, nyingine akizitunga kwa kumtaja mteja aliyeagiza. Master P alianza na duka la kuuza muziki mjini Richmond, California. Kila siku aliwaona wateja wakichagua, akajua wanachokitaka kabla hajatoa chake. Mwaka 1996, lebo yake ya No Limit ilipoingia mkataba na kampuni ya Priority, aliikabidhi kazi ya kusambaza tu, umiliki wa nyimbo ukabaki kwake pamoja na sehemu kubwa ya mapato. Na mwaka 2013 Nipsey Hussle wa Los Angeles alichapa nakala 1,000 za "Crenshaw", akaziuza kwa dola 100 kila moja, ilhali nyimbo hizo hizo zilipatikana bure kwenye intaneti. Zilinunuliwa zote. Wateja walikuwa wakinunua ushirika wao naye, na yeye hakugawana fedha hizo na mtu aliyeketi katikati.

Watu hawa waliishi mbalimbali, lakini waliodumu wanafanana katika jambo moja. Walitofautisha kati ya kuuza nakala na kuuza wimbo. Nakala unaweza kuuza elfu, na wimbo ukabaki wako. Wimbo wenyewe ukiuuza umeuuza mara moja tu.

Sisi wa Kitengela hatupaswi kuhitaji mfano wa Marekani ili kulielewa jambo hili. Katika miaka ya themanini ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila familia ikapata hati yake. Jiji lilikuwa linatukaribia, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na wanunuzi wakaja na fedha taslimu. Wapo waliouza, wakanunua gari, gari likachakaa. Leo watoto wao wanapanga vyumba katika majengo yaliyosimama juu ya malisho ya babu zao. Mji huu, ambao sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 ndani yake, umejengwa juu ya sahihi za namna hiyo.

Lakini palikuwapo na njia nyingine. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji wa nyanda hizi, zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka, ili ardhi yao ibaki wazi bila ua na wanyamapori wapate kupita. Fedha hizo hazikuwa nyingi, na ni kweli kwamba wengine waliendelea kuuza. Hata hivyo aliyekodisha alibaki na hati yake, na kila mwaka alikuwa na jambo la kujadili. Aliyeuza hakuwa na la kujadili tena.

Mkataba wa muziki nao una sura hizo mbili. Upo wa kuhamisha haki, ambao ni kuuza shamba. Na upo wa kuruhusu mtu azitumie haki hizo kwa muda na kwa masharti, ambao ni kukodisha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003, inasema kwamba kuhamisha haki hakuna nguvu pasipo maandishi na sahihi. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kumnyang'anya mtunzi haki hizo kwa maneno matupu. Hutoka kwake kwa kalamu yake mwenyewe. Na haki yenyewe ni ya muda mrefu, kwani ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana wa miaka ishirini anapotia sahihi, huenda anatia kwa niaba ya wajukuu ambao hajawaota.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa kanda zimekufa na muziki sasa uko simuni. Naam, njia zimebadilika. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, husambaza nyimbo kwa simu, na mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Copenhagen. Spotify ilifungua huduma yake nchini mwaka 2021. Kundi la Wakadinali limejijengea jina kubwa kupitia lebo yao wenyewe ya Rong Rende, na albamu yao ya mwaka 2020, "Victims of Madness", ilisikilizwa zaidi kwenye simu kuliko kwenye kinanda chochote cha CD.

Lakini swali la hati halikubadilika; limezidi uzito. Chukua miito ya simu, ile inayomwimbia anayekupigia. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba kampuni ya simu na mawakala walichota kwanza, wao wakalamba sufuria. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, ikaamua kwamba mwenye haki asipate chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Tulishangilia. Ila wanafunzi waliangalie neno hilo kwa makini: mwenye haki. Ikiwa kila Sh100 zitaleta Sh52, na kijana alikwisha kuuza haki zake kwa Sh40,000, basi Sh52 zile zitamwendea aliyezinunua. Sheria nzuri humlinda mwenye shamba. Aliyeuza shamba hulindwa na nani?

Mwaka 2023 mahakama iliamuru Nonini, mwasisi mwingine wa genge, alipwe Sh1 milioni kwa sababu wimbo wake "We Kamu" ulitumiwa katika tangazo la biashara bila idhini. Wimbo huo ulikuwa na umri wa miaka mingi. Wakati ulipotoka hakuna aliyejua kwamba siku moja utatangaza vifaa vya umeme kwenye mitandao ya kijamii. Ndiyo maana maneno "za sasa na za baadaye" katika karatasi ya kijana wangu yalinitia baridi. Thamani ya baadaye haijulikani na yeyote, na kwa hiyo haiwezi kupewa bei leo kwa haki.

Sitaki kumwonea mwenye studio. Lebo huru si malaika wala si majambazi. Yule bwana amelipa kodi ya chumba na umeme, amekesha na kijana wetu akirekebisha sauti, na huenda albamu isiuze hata nakala hamsini. Anayebeba hasara anastahili faida. Miongoni mwa lebo za Nairobi zilizosifiwa hapo juu, zipo pia zilizolaumiwa na wasanii wao wenyewe kuhusu mapato. Jambo la kujadili ni kiasi, muda na hesabu: atapata sehemu gani, kwa miaka mingapi, na nani atashika daftari la mauzo ambalo pande zote mbili zinaweza kulifungua.

Nikamwambia kijana asitie sahihi siku ile. Tukaketi mezani, tukaandika barua rasmi kwa Kiswahili, kwa muundo ule ule niliomfundisha Kidato cha Pili na ambao aliwahi kuniambia hauna faida. Aliomba mambo matatu. Mosi, mwenye studio apewe ruhusa ya kuuza albamu kwa miaka mitano, kisha haki zote zirudi kwa mtunzi. Pili, baada ya kuondoa gharama zilizoandikwa, mapato yagawanywe nusu kwa nusu, na hesabu itolewe kila baada ya miezi mitatu. Tatu, kijana apewe nakala ya rekodi zote asilia. Nilimshauri pia asajili nyimbo zake katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ili ushahidi uwepo kabla ya ugomvi.

Mwenye studio alikubali la kwanza na la pili baada ya mabishano ya wiki mbili. La tatu bado analikataa, na ile Sh40,000 ameiondoa mezani. Babake kijana hakufurahi. Mitamba wawili si mchezo, na fedha taslimu ni fedha taslimu. Huenda mzee akawa sahihi, na huenda albamu isifike popote. Lakini mwanawe bado ana hati mkononi, na siku za soko huonekana Kajiado mjini akiwachezea watu nyimbo mbili kwa spika ndogo na kuandika namba za wanaotaka kununua albamu itakapotoka.

Walimu wenzangu, tuna somo la Biashara linalofundisha mikataba, tuna somo la Kiswahili linalofundisha uandishi rasmi, na mtaala wa umilisi umetenga mkondo mzima wa sanaa na michezo katika shule za sekondari ya juu. Mkondo huo utakuwa na pengo kubwa ukifundisha kuimba bila kufundisha kuuza. Leteni mkataba mmoja darasani muhula huu. Wanafunzi wausome kwa sauti, sentensi kwa sentensi, wamtafute anayepata na anayepoteza katika kila kifungu. Nanyi wanafunzi, mnapoandika mashairi yenu katika kurasa za nyuma za daftari, andikeni pia tarehe na majina yenu kamili. Chapa hupigwa ndama angali zizini.